Dungu si mnara

Nimeulizwa tena: "Mzee, dungu la kuotea kulungu nilifunge mtini mita 8 juu, si ndiyo?" Si ndiyo! Kwenye misonobari iliyobanana, mita 8 juu unajifungia ndani ya matawi. Kulungu atapita chini yako akitafuna kwa raha zake, nawe unahesabu majani.

Misonobari ikisongamana, jua halifiki chini, kwa hiyo matawi ya chini hufa na kupukutika. Mabichi hubaki juu. Chuchumaa utazame: mashina tu, peupe kabisa. Sasa weka ngazi, panda kipawa kimoja kimoja huku ukitazama kule unakotegemea mnyama atokee. Macho yakianza kugonga majani, shuka vipawa viwili. Funga hapo. Mimi mara nyingi huishia mita 3 au 4, na nimechoka kuombwa radhi na watu waliobisha.

Kingine, ukiwa juu sana na mnyama yuko karibu, risasi au mshale huingilia mgongoni na kushuka wima. Unatoboa pafu moja badala ya mawili, kisha kazi yako ni kufuata matone ya damu gizani.

Mti uwe mzima, mnene wa kutosha kukubeba. Mkanda wa mwili mzima uufunge kwenye kamba ya usalama kabla mguu haujaacha ardhi; bunduki ivutwe juu kwa kamba baadaye, bila risasi. Kizibao cha rangi ya chungwa vaa bila wasiwasi, kulungu haioni kama tunavyoiona sisi. Matawi ya mgongoni pako usiyaguse, ndiyo yanayofuta umbo lako.

"Lakini nikiwa juu harufu itampita." Labda, mahali pa wazi. Humu jioni hewa hupoa na kuzama, ikiteremka na jasho lako mpaka puani mwake. Asubuhi hupanda, ila kwa kuchelewa, maana jua lenyewe linachelewa kupenya. Mimi hubeba sufi mfukoni, naachia unyuzi mmoja na kuufuata kwa macho. Sitawadanganya: kuna jioni uliteremka vizuri, ukasita kwenye shina, ukazunguka, ukanirudia usoni. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu ukasimama hewani. Nikashuka, nikafungua mkanda.