Pointi za kurejesha mfumo: zinakaa wapi, na kwa nini hupotea

Mwezi uliopita mwenzetu wa idara ya uhasibu alituletea kompyuta mpakato iliyokuwa ikiwaka na kuzima. Alikuwa ameweka draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuendesha kifaa hicho, usiku uliotangulia, na tangu hapo mashine haikutulia. Ombi lake lilikuwa lile tunalolisikia kila mara kwenye dawati la msaada: "Irudisheni ilivyokuwa jana mchana." Tukafungua dirisha la kurejesha mfumo. Lilikuwa tupu. Hakukuwa na pointi hata moja ya kurudia, ingawa yeye mwenyewe alikumbuka kuiona pale miezi michache nyuma.

Swali lake lilikuwa la haki: zimekwenda wapi? Naandika makala hii kulijibu kwa kirefu, kwa sababu watu wengi wanaitegemea huduma hii ya Windows bila kujua pointi hizo hukaa wapi, hukua vipi, wala nani huzifuta.

Kwanza tukubaliane pointi ya kurejesha ni nini. Ni kumbukumbu ya hali ya mfumo katika saa fulani: faili za Windows, draiva, programu zilizowekwa, na rejista ambamo mipangilio yote ya mfumo huandikwa. Barua zako, picha zako na majedwali yako ya hesabu hayamo katika kazi yake. Ukirudisha mfumo nyuma wiki moja, barua uliyoiandika jana itabaki ilivyo, na barua uliyoifuta kwa bahati mbaya haitarudi. Nimewaona watu wakirejesha mfumo mara tatu mfululizo wakitafuta ripoti iliyofutwa, na kila mara wakapoteza programu walizoziweka karibuni bila kuipata hiyo ripoti.

Hifadhi iliyofichwa

Kwenye mzizi wa kila diski inayolindwa, yaani nje ya folda nyingine zote, kuna folda inayoitwa System Volume Information, na humo ndimo pointi hukaa. Kwa kawaida huioni, kwa kuwa imefichwa. Hata ukiamuru Windows ionyeshe faili zilizofichwa, ukibofya folda hiyo utakataliwa kuingia, hata kama unatumia akaunti ya msimamizi. Ruhusa yake imeachiwa mfumo wenyewe, na ni vizuri ibaki hivyo. Mtu anayeingia kwa nguvu na kufuta faili moja moja humo ili apate nafasi huacha pointi zilizovunjika. Zinaweza kuendelea kuonekana kwenye orodha, lakini siku ya kuzihitaji zinagoma.

Folda ya jina hilohilo hutokea pia kwenye flashi, na wengi hudhani ni kirusi. Si kirusi. Windows huiunda yenyewe unapochomeka flashi, na ndani yake mara nyingi kuna faili mbili ndogo za kumbukumbu tu.

Zamani, tangu huduma hii ilipoanza katika Windows ME mwaka 2000 na kuendelea katika Windows XP, mfumo ulikuwa na orodha ya aina za faili za kuchunga. Faili ya aina hiyo ikitaka kubadilishwa, nakala yake nzima iliwekwa kando. Kuanzia Windows Vista njia ikabadilika. Siku hizi kazi hufanywa na huduma ya nakala kivuli, ambayo haitazami faili bali vipande vya diski, kila kimoja kilobaiti 16.

Chukua mfano wa daftari. Umeamua kwamba hali ya daftari saa nne asubuhi lazima iweze kupatikana tena. Hulinakili lote, maana ni nene mno. Unachofanya ni hiki: kuanzia saa nne, kabla ya kufuta mstari wowote, unaunukuu kwanza kwenye karatasi ya pembeni pamoja na namba ya ukurasa, ndipo unaandika mstari mpya. Jioni, anayetaka kusoma daftari la saa nne atasoma daftari lenyewe, ila pale ambapo kuna karatasi ya pembeni atasoma karatasi. Hivyo ndivyo nakala kivuli inavyofanya kazi. Kipande cha diski kikitaka kuandikwa upya, yaliyomo ya zamani huhamishiwa kwanza kwenye hifadhi, kisha mapya huruhusiwa kuandikwa.

Kutokana na mpango huo, pointi mpya haili nafasi kubwa dakika inapoundwa, bali hunenepa kadiri mfumo unavyobadilika. Sasisho kubwa la Windows linaweza kujaza karatasi nyingi zaidi za pembeni kwa saa moja kuliko mwezi mzima wa kazi za kawaida. Tena, karatasi za pembeni peke yake hazina maana bila daftari. Diski ikifa, pointi zake zote zimekufa nayo, kwa kuwa zilikuwa zikiegemea vipande ambavyo havijabadilika kwenye diski ileile. Hii ndiyo sababu kubwa ya kuzitenganisha kabisa akilini na nakala rudufu. Nakala rudufu hukaa kwenye diski nyingine, na ikiwezekana mahali pengine.

Kuna wanaojua kwamba katika Vista na Windows 7 nakala kivuli zilimsaidia mtu kupata toleo la zamani la hati zake, na bado wanalitegemea jambo hilo. Tangu Windows 8, kwenye diski ya mfumo, Windows inaweza kuchunga tu faili zinazohusika na urejeshaji wa mfumo. Msiziwekee hati zenu matumaini hayo.

Nafasi, umri, na foleni ya kufutwa

Hifadhi ina kikomo. Windows XP iliruhusu hadi asilimia 12 ya diski. Vista ikapanda hadi 15. Windows 7 ikashuka: kwa diski iliyozidi gigabaiti 64, kikomo cha kawaida kilikuwa asilimia 5 au gigabaiti 10, kile kilicho kidogo kati ya hivyo. Kikomo kikifikiwa, pointi ya zamani kuliko zote huondolewa kupisha mpya. Hakuna onyo linalotokea kwenye skrini.

Umri nao unahesabiwa. Windows XP ilifuta pointi zilizopita siku 90. Katika Windows 11 toleo la 24H2, kuanzia sasisho la usalama la Juni 2025, pointi huhifadhiwa kwa siku zisizozidi 60.

Kisha kuna ufutaji unaofanywa na sisi wenyewe. Ukizima ulinzi wa mfumo, yaani mpangilio unaoruhusu pointi kuundwa, kwenye diski, hata kwa dakika tano, pointi zote za diski hiyo hufutwa, na ukiuwasha tena unaanza na ukurasa mtupu. Chombo cha kusafisha diski nacho kina chaguo la kuondoa pointi zote isipokuwa ya mwisho.

Turudi kwa mhasibu wetu. Tulifungua dirisha la amri kama wasimamizi, tukaandika vssadmin list shadowstorage. Jibu lina mistari mitatu ya kutazamwa: nafasi iliyotumika, nafasi iliyotengwa, na kikomo cha juu. Kwenye mashine yake kikomo kilikuwa asilimia moja tu ya diski ndogo, na siku chache kabla ya draiva ile kulikuwa kumeingia sasisho zito. Karatasi za pembeni zilijaa, pointi za zamani zikatolewa moja baada ya nyingine, na ya mwisho nayo haikupata pa kukaa. Hakukosea yeye. Mpangilio ndio ulikuwa mdogo mno.

Kuangalia mpangilio wako, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika SystemPropertiesProtection, kisha bonyeza Enter. Utaona orodha ya diski na kama kila moja inalindwa. Tangu Windows 10 ilipotoka mwaka 2015, kompyuta nyingi zimekuwa zikifika kwa mtumiaji ulinzi huu ukiwa umezimwa, hivyo usidhani tu kwamba upo. Washa kwenye diski yenye Windows. Kwa diski ya gigabaiti 256 mimi hutenga gigabaiti 10, na huongeza pale ambapo programu hubadilishwa mara kwa mara. Diski yenye hati pekee haina haja ya ulinzi huu. Nafasi yake itumike kwa mambo mengine.

Kuhusu wakati pointi zinapoundwa: Windows huunda yenyewe kabla ya kuweka baadhi ya masasisho na draiva, na programu nyingine huomba iundwe zinapojisimika. Lakini tangu Windows 8, programu ikiomba pointi ilhali nyingine imeundwa ndani ya saa 24 zilizopita, ombi lake huachwa kimya kimya. Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote ya hatari, unda mwenyewe kwa kitufe kilicho kwenye dirisha hilohilo, na uipe jina linaloeleweka. "Kabla ya draiva ya printa" itakusaidia kuliko "test2".

Wanaozifuta kwa makusudi

Programu hasidi zinazofunga faili na kudai kikombozi zinaijua hifadhi hii vizuri. WannaCry, iliyoenea duniani Mei 2017, ilitoa amri ya kufuta nakala kivuli zote kwenye mashine iliyoivamia ili mwenyewe asiwe na pa kurudi. Amri hiyo inahitaji mamlaka ya msimamizi. Ndiyo maana tunasisitiza kazi za kila siku zifanywe kwa akaunti ya kawaida, na dirisha linaloomba ruhusa lisomwe kabla ya kukubali.

Siku ya kurejesha

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika rstrui. Chagua pointi, lakini usikimbilie mwisho. Kuna kitufe cha kuchunguza programu zitakazoathirika, na watu wengi hukiruka. Kitakuonyesha orodha mbili: programu na draiva zitakazoondolewa kwa sababu ziliwekwa baada ya siku ile, na zile zitakazorudi. Zinakili mahali, kwa kuwa utakuwa na kazi ya kuziweka upya. Chomeka umeme, usiitegemee betri.

Kabla ya kuanza, Windows huunda pointi nyingine ili uweze kutengua urejeshaji wenyewe usipopenda matokeo. Ukirejesha ukiwa katika hali salama (Windows ikiwa imewashwa na vitu vya lazima tu) au kupitia mazingira ya ukarabati nje ya Windows, usitarajie nafasi hiyo ya kutengua. Na ikiwa diski imefungwa kwa BitLocker, huduma ya Windows ya kufunga data kwa ufunguo wa siri, mazingira hayo yanaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute leo ujue umehifadhiwa wapi, mashine ikiwa bado inawaka.

Mfumo ukisharudi, sasisho au draiva iliyoleta matatizo itajaribu kuingia tena, pengine siku hiyohiyo. Sitisha masasisho kwa muda, tafuta toleo lililorekebishwa kwenye tovuti ya mtengenezaji wa kifaa, kisha unda pointi mpya kabla ya kuliweka. Kwa mhasibu wetu, ambaye hakuwa na pointi, ilibidi tuiondoe draiva kwa mkono katika hali salama, kazi iliyokula asubuhi nzima. Kabla ya kumkabidhi mashine yake tulipandisha kikomo hadi gigabaiti 10, tukamwachia yeye mwenyewe abofye kitufe cha kuunda pointi yake ya kwanza.