Kuharisha na homa kali sio meno, jamani

Kuna ile meseji haiishi kwenye magrupu ya kina mama, eti mtoto wa miezi 6 akiharisha na mwili kuchemka ni meno tu, usihangaike na hospitali, mpake asali kwenye fizi. Hapana. Jino likitoka fizi inavimba, udenda unalowesha nguo mpaka kifuani, anatafuna kila kitu, joto linapanda kidogo tu. Homa ikifika 38 au anaharisha majimaji, hiyo ni kitu kingine, inaweza kuwa hata malaria. Usikisie kwa kiganja, weka kipimajoto kwapani, ikiwa hivyo mpeleke akapimwe na uendelee kumnyonyesha.

Tunachanganya kwa sababu umri huohuo ndo anaanza uji, anaokota vitu sakafuni anatia mdomoni, na kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua, basi jino na vijidudu vinakutana.

Asali usimpe kabisa kabla ya mwaka 1, inaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu ya kulegeza misuli. Nawa mikono, msugue fizi taratibu kwa kidole, au mpe kitambaa safi chenye ubaridi atafune huku unamwangalia. Na hiyo meseji ikikufikia usiiforwadi, mwambie aliyeituma aifute.