"Mshipa umekaza": dhana zetu kuhusu mkono na mgongo

Mkono ukifa ganzi ni mshipa. Shingo ikikataa kugeuka asubuhi ni mshipa. Ngiri nayo, mshipa. Neno hilo moja tumelibebesha mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, kano zinazofunga msuli kwenye mfupa, na hata ugonjwa. Kwenye mazungumzo halina kosa lolote. Likianza kutuchagulia tiba ndipo mtu anapokandwa vidole miezi sita kwa shida iliyoko shingoni.

"Vidole vinakufa ganzi kwa sababu damu haipiti"

Damu ikikosa kupita kweli, mkono hupoa, hupauka na mapigo ya kifundoni hupotea. Hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali. Ganzi inayokuja na kuondoka, hasa usiku, kwa kawaida ni ya mshipa wa fahamu, yaani neva, na vidole vyenyewe hukutajia ni neva ipi.

Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba: chini mifupa midogo, juu utepe mgumu. Humo hupita kano 9 na neva 1. Kukivimba kidogo tu, kama inavyowapata baadhi ya wajawazito na watu wa kazi za kurudiarudia mwendo uleule wa mkono, neva ndiyo inayobanwa. Ganzi hushika dole gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho husalimika, maana kinahudumiwa na neva nyingine, ile inayopita nyuma ya kiwiko karibu kabisa na ngozi. Siku uliyogonga kiwiko kwenye fremu ya mlango ukasikia umeme hadi kidole cha mwisho, ulichogonga hasa ni neva hiyo.

Ganzi ikianzia shingoni, ikashuka begani hadi vidoleni, chanzo mara nyingi ni pale neva inapochomoza kati ya pingili za shingo. Mafuta ya kuchulia vidole hayafiki huko.

"Nguvu ya kidole iko kidoleni"

Kidole hakina msuli wa kukikunja. Misuli hiyo iko kwenye kiganja, na ile mikubwa iko kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kifundo. Shika kigasha chako, kisha kunja ngumi, utaisikia ikituna. Aliyekulia jikoni anaujua mchezo huu tangu utotoni: mguu wa kuku uliokatwa, ukivuta ile kano nyeupe, vidole vinafumba kama kuku yu hai. Ndiyo maana mkato mdogo wa kisu kiganjani unaweza kufunga vizuri, usiache hata kovu la kutisha, na kidole kikabaki kimenyooka maisha yote: kano ilikatika ndani na hakuna aliyeiangalia. Kabla ya kushonwa, kunja kila kidole kimoja kimoja mbele ya anayekushona.

"Mkono unaishia begani"

Kombe la mkono, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega, haujaungwa na mbavu. Kiungo pekee cha mifupa kati ya mkono na kiwiliwili ni mtulinga, pale unapokutana na mfupa wa kifua. Kwingine kote mkono umening'inizwa kwa misuli tu. Msuli mmoja wapo ni mpana ajabu: unaanzia pingili za chini ya mgongo na mfupa wa nyonga, unapanda ubavuni, unapita kwapani na kujifunga kwenye mfupa wa juu wa mkono. Mtazame mkwezi wa mnazi akijivuta juu, utauona ukifanya kazi. Uko mgongoni, lakini ni msuli wa mkono, na neva yake inatoka shingoni.

Uhuru huo una gharama. Kitako cha bega, pale mfupa wa juu wa mkono unapokaa, hakina kina, kichwa cha mfupa kimekikalia kama chungwa juu ya kisahani, kwa hiyo bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa. Likiteguka, usikubali livutwe na kila mwenye nguvu. Kuna neva inayozunguka shingo ya mfupa huo, na huenda pia mfupa wenyewe umevunjika.

"Sindano ya mgongo inapoozesha"

Hapa ndipo maneno yanapotugharimu zaidi. "Uti wa mgongo" tunauita mnyororo wa mifupa, na tunauita pia ule ugwe laini wa fahamu uliomo ndani yake. Mama akiambiwa atachomwa sindano ya uti wa mgongo ili afanyiwe upasuaji wa kujifungua, anasikia kwamba ugwe utatobolewa.

Kwa mtu mzima ugwe huo unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kwa kawaida kati ya pingili ya 3 na ya 4, au ya 4 na ya 5. Kilichopo hapo ni nyuzi za neva zinazoelea ndani ya maji kama mkia wa farasi, nazo kwa kawaida husogea sindano ikiingia. Madhara yapo: kichwa kinaweza kuuma siku kadhaa, na mengine makubwa hutokea kwa nadra sana. Lakini mgongo unaouma miaka baada ya kujifungua huwauma vilevile waliojifungua bila sindano hiyo.

Hofu hii huwa mbaya zaidi mtoto akishukiwa homa ya uti wa mgongo. Ugonjwa wenyewe, licha ya jina, uko kwenye utando unaofunika ubongo na ugwe, si kwenye mifupa. Mzazi anakataa maji ya mgongoni yasitolewe kupimwa kwa sababu mtoto wa jirani "alikufa alipotolewa maji". Aliuawa na ugonjwa. Mwili wa mtu mzima una takriban mililita 150 za maji hayo na hutengeneza kama mililita 500 kwa siku. Kiasi kidogo kinachochukuliwa hurudishwa upesi.

"Pingili zimesagika"

Pingili zinazojongea ni 24, na 7 kati yake ni za shingo, idadi ileile aliyonayo twiga. Mgongo una diski 23, yaani mito midogo iliyokaa kati ya mfupa na mfupa. Husemwa diski imeteleza, lakini diski haitelezi, imeshikamana na mifupa juu na chini. Kinachotokea ni ukuta wake kupasuka na ute wa ndani kusukumwa nje, na mara nyingi mwili huufyonza ute huo wenyewe. Kuhusu kusagika: kwa watu wasio na maumivu yoyote, picha zimeonyesha diski zilizochakaa kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Picha peke yake, basi, si hukumu.

"Ndoo kichwani haina shida, bibi zetu walibeba"

Kuna ukweli nusu. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya: waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu ya ziada wakitembea. Lakini piga hesabu. Kwa mwanamke wa kilo 60 hiyo ni kilo 12, na ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji. Tena utafiti ulipima nguvu inayotumika, haukupima shingo.

"Kiuno kikiuma ni figo"

Figo ziko juu kuliko unavyodhani, zimefichwa kiasi na mbavu za mwisho. Maumivu ya chini ya kiuno, yanayobadilika ukiinama, kwa kawaida ni ya misuli na viungo.

"Kibyongo ni cha kulogwa"

Kibyongo kina sababu kadhaa, na moja tunayo sana kwetu: kifua kikuu cha mifupa. Vijidudu hula pingili upande wa mbele, zinaporomoka, mgongo unajikunja. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, zaidi ya miaka 100 kabla kijidudu chenyewe hakijagunduliwa. Mgongo unaouma wiki nyingi pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda upimwe mapema, kabla haujapinda. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali.