Maganda, Machicha na Pesa ya Kaboni: Lamu Ianzie Wapi?

Tangu watu wa Gazi kule Kwale waanze kuuza kredi za kaboni (kila kredi ni tani moja ya hewa ukaa iliyohifadhiwa au kuzuiwa) mwaka 2013 kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa zikaonekana kwenye maji na shule za kijiji, Wapwani wengi wamejua kwamba kutunza hewa kuna malipo. Sasa sisi tunaotoa elimu ya taka tunaulizwa swali jingine, hasa na wakazi wa Lamu mjini: je, na maganda yetu, machicha ya nazi na matumbo ya samaki, nayo yana pesa ya kaboni? Yanayo. Lakini ni pesa ndogo, hukawia kuja, na haimfikii asiyetenga taka wala kuzipima. Ni heri mtu alijue hilo mapema, kabla hajawekewa karatasi mezani atie sahihi.

Mkoko huvuta hewa ukaa na kuihifadhi kwenye mti na kwenye tope, na mwenye mradi hulipwa kwa kilichohifadhiwa. Kwa mboji, yaani mbolea ya mabaki yaliyoozeshwa, mambo ni tofauti. Mabaki ya chakula yakitupwa jaani na mengine yakarundikwa juu yake, ndani ya rundo hewa hukatika. Vijidudu vinavyoishi bila oksijeni ndivyo hushika kazi ya kuozesha, navyo hutoa methani, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hupasha dunia joto kama mara 28 kuliko hewa ukaa yenye uzito ule ule. Kwa kipimo cha miaka 20 ni kama mara 80. Mabaki hayo hayo yakiozeshwa mahali penye hewa ya kutosha, methani inayotoka ni kidogo sana. Tofauti kati ya gesi ambayo ingetoka jaani na ile iliyotoka kwenye mboji ndiyo kredi. Anayelipwa, analipwa kwa gesi ambayo haikutoka.

Hili si jambo dogo kwa nchi kama zetu. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilionyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya nusu ya taka za mijini ni chakula na majani. Na taka, pamoja na maji machafu, huchangia kama moja ya tano ya methani yote inayotokana na shughuli za binadamu.

Lamu ina sababu zake za kulishughulikia hata kama kredi zisingekuwapo. Mji ni wa kisiwani, vichochoro vyake havipiti gari, na taka hubebwa kwa mkokoteni au juu ya punda. Kila kilo inayogeuzwa mboji pale pale mtaani ni mzigo uliopunguka kwa hamali. Tena maji matamu ya mji hutoka chini ya machuguu ya mchanga wa Shela, na mchanga hauzuii kitu: maji ya uozo yakidondoka juu yake, hushuka. Halafu kuna jambo ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Nyanya, ndizi na maembe kutoka mashamba ya Mpeketoni na Hindi huvuka kwa mashua kutoka Mokowe kuja kuliwa kisiwani, na rutuba ya ule udongo huvuka nayo. Mabaki yakiishia jaani, rutuba hiyo hairudi tena kwa mkulima, naye hulazimika kununua mbolea ya dukani.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wengi hudanganywa. Kanuni za IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wataalamu wa tabianchi, huchukulia kwamba tani moja ya mabaki ya chakula ina kama kilo 150 za kaboni inayoweza kuoza. Nusu yake ndiyo huoza kweli, na nusu ya gesi itokayo ni methani. Jaa lililoshindiliwa na kufunikwa kabisa lingetoa kama kilo 50 za methani kwa tani. Lakini jaa lisilosimamiwa lenye kina kisichofika mita tano hupigiwa hesabu ya asilimia 40 tu ya kiasi hicho, kwa kuwa hewa bado hupenya. Zinabaki kilo 20. Zidisha kwa 28, unapata kilo 560 za hewa ukaa. Majaa ya miji midogo ya Pwani mengi ni ya aina hii, ya kutandazwa juu juu, na anayekuletea hesabu ya jaa refu la Nairobi anakuuzia ndoto.

Na kilo hizo 560 hazitoki kwa siku moja. Kanuni hugawa nchi za joto mafungu mawili: zenye mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, na zenye chini ya hapo. Penye mvua nyingi, karibu theluthi moja ya methani ya chakula hutoka mwaka wa kwanza. Pakavu, ni kama asilimia 8 tu, na iliyobaki hutoka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Lamu iko karibu na mpaka huo, kwa hiyo rekodi ya mvua ni kitu cha kwanza kuangaliwa.

Mboji nayo ina gesi zake. Makadirio ya kawaida ni kilo 4 za methani na gramu 240 za oksidi ya nitrasi, gesi nyingine ipashayo dunia joto, kwa kila tani ya taka mbichi, na ukizigeuza kuwa hewa ukaa unapata kama kilo 175. Hizi hukatwa mwaka ule ule. Fuatisha hesabu hiyo kwa jaa fupi katika eneo kavu: miaka minne ya mwanzo mradi hauna cha kuuza, maana unachokatwa ni kikubwa kuliko ulichookoa. Kredi huanza kuonekana mwaka wa tano hivi. Mwishowe kila tani ya mabaki itakuwa imeokoa chini kidogo ya kilo 400. Na jaa likiwa huwashwa moto mara kwa mara, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kilichoungua hakitoi methani na hakihesabiwi. Moshi wake hauna kredi, una kikohozi.

Tuseme mji umefanikiwa kutenga tani 5 za mabaki kwa siku. Kwa mwaka, hesabu ikishakomaa, ni kama tani 700 za hewa ukaa. Zikiuzwa dola 10 kila moja, ni dola 7,000, kiasi cha shilingi laki tisa. Kumleta mkaguzi wa kujitegemea kuthibitisha mradi hugharimu maelfu ya dola, mara nyingi makumi ya maelfu. Mji mmoja mdogo hauwezi kuubeba mzigo huo. Lakini taka hizo hizo hutoa kama theluthi ya uzito wake kuwa mboji, yaani tani 600 kwa mwaka, magunia 12,000 ya kilo 50. Gunia likiuzwa shilingi 200 tu, hizo ni milioni mbili na laki nne. Ndiyo maana msimamo wangu ni kwamba mradi ujengwe juu ya mboji, na kredi ije kama nyongeza.

Waliotangulia wametufunza. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, shirika la Waste Concern lililoanzishwa mwaka 1995 lilianza na viwanda vidogo vya mitaani, likajenga soko la mbolea kwa wakulima, na baadaye ndipo likaingia katika mfumo wa kredi wa Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi hizi. Kiwanda chake cha Bulta, kilichofunguliwa mwaka 2008, kilijengwa kupokea tani 130 kwa siku, nyingi zikitoka masokoni, mahali ambapo taka tayari ni mabaki ya mboga na matunda. Jirani zetu Uganda walikwenda njia nyingine: mamlaka yao ya mazingira, NEMA, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliunganisha miji kama Jinja, Mbale na Fort Portal chini ya mpango mmoja uliosajiliwa mwaka 2010. Wazo la kuungana lilikuwa zuri mno, kwani gharama ya usajili iligawanywa. Kilichowasumbua ni taka kufika zikiwa zimechanganyika, plastiki na vioo vikabaki ndani ya mboji, na mkulima hanunui mboji inayomkata mkono.

Bei nayo haitabiriki. Mwaka 2008 kredi moja ya Kyoto ilipita yuro 20, na kufikia mwisho wa 2012 ilikuwa chini ya yuro moja. Miradi iliyotegemea kredi peke yake ilikwama. Iliyokuwa na wateja wa mbolea iliendelea kupindua marundo yake.

Kwa hiyo tuzungumze kazi yenyewe. Rundo linataka vitu vibichi na vitu vikavu. Vibichi Lamu haviishi: maganda ya ndizi na embe, machicha, mabaki ya wali, matumbo na vichwa vya samaki. Vikavu vipo pia, ila watu huvichoma: makuti yaliyoezuliwa, majani ya mwarobaini, maranda ya mafundi wa milango na majahazi. Maranda ya mbao iliyotiwa rangi au dawa yasiingie. Samadi ya punda ni neema, kwani ina vyote viwili kwa kiasi, na hupandisha joto upesi. Kwa kipimo cha ndoo, anza na moja mbichi kwa mbili kavu, urekebishe unavyoendelea. Machicha yakimwagwa kwa fungu moja hushikana donge, hewa isipite, na ukilipasua baada ya wiki utakuta ndani ni chachu tupu. Yachambue kwa mkono na kuyatawanya kwenye maranda. Makumbi ya madafu yakatwe vipande vidogo au yatengwe kando, maana yakiingia mazima yatakaa zaidi ya mwaka.

Samaki wanahitaji adabu yake. Matumbo huwekwa katikati ya rundo, si pembeni, yakafunikwa kwa kitu kikavu unene wa shubiri moja au zaidi. Ukifanya pungufu, kunguru na paka wa mtaa watakufukulia kazi yote kabla ya adhuhuri.

Rundo lisipungue mita moja kwenda juu, ama halitashika joto. Chomeka nondo katikati, iache dakika kumi, uichomoe na kuishika: ikikushinda kwa moto, rundo liko sawa, kwenye nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu za magugu na vijidudu vya maradhi. Unyevu hupimwa kwa kufinya konzi ya mboji. Matone mawili matatu yakitoka, vyema. Maji yakitiririka, ongeza maranda. Yasipotoka kabisa, nyunyiza maji matamu, si ya kisima cha chumvi. Pindua kila joto linaposhuka. Msimu wa masika funika kwa makuti. Kupindua huku kunaonekana kama kibarua tu, lakini ndiko kunakolinda kredi: rundo lililozubaa bila hewa hutoa methani kama jaa, na mkaguzi akipima atakukata. Baada ya miezi miwili au mitatu, liache mwezi mmoja litulie kabla ya kuuza.

Kisha mizani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kaboni hili ni sheria hasa: kisichopimwa hakikuwapo. Kila mkokoteni unaoingia upimwe, uandikwe tarehe, ulikotoka na uzito, na kilichokutwa si mabaki ya chakula kiandikwe pia. Upimaji uendelee mwaka mzima, kwa sababu Lamu ya Maulidi si Lamu ya mwezi wa kawaida, jikoni za Ramadhani hutoa mabaki tofauti, na msimu wa embe hujaza ndoo kwa maganda peke yake. Mimi ningeanzia soko la karibu na Ngome na hoteli za Shela, mahali ambapo mabaki ni mengi na wenyewe ni wachache wa kukubaliana nao, ndipo niingie Mkomani na Langoni nyumba kwa nyumba. Akina mama wa nyumbani ndio wenye ndoo, na kwa kawaida hawasumbui wakishaona mkusanyaji anakuja siku aliyosema.

Sheria iko upande wetu. Sheria ya Kenya ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inataka taka zitengwe za kuoza na zisizooza. Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanataka mradi wa kaboni ulio kwenye ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo na jamii, na kwa mradi usiotegemea ardhi, kama huu wa taka, mchango wa jamii usipungue asilimia 25 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Wenye mikokoteni na waokota taka ni sehemu ya jamii hiyo, nao wakae mezani tangu kikao cha kwanza.

Lamu ikiungana na Malindi, Kilifi na Mombasa chini ya mpango mmoja, gharama ya ukaguzi inaweza kubebeka. Hadi hapo, dalali akija na ahadi zake, aulizwe: kina cha jaa umekipima wewe mwenyewe? Mvua umetumia rekodi ya kituo gani? Kredi zitaandikwa kwa jina la nani? Mkaguzi analipwa na nani miaka ile ya mwanzo ambayo hakuna cha kuuza? Bei ikianguka, nani ataendelea kulipa mishahara ya wapinduaji? Majibu yaandikwe ndani ya mkataba, kwa Kiswahili, na nakala ibaki kwa kamati ya mtaa.