Maumivu ya mgongo upande mmoja: usiyafunike kwa dawa ya maumivu

Mgongo unaniuma upande wa kulia tu. Ni figo hiyo, sivyo?

Mara nyingi siyo. Kinachouma zaidi upande mmoja ni msuli au kano iliyovutika: umenyanyua mzigo huku umejipinda, umelala vibaya, umeinama siku nzima kwenye kazi ileile. Figo zimekaa juu kuliko watu wengi wanavyofikiri. Ziko chini ya mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Anayeshika karibu na makalio na kusema "figo zangu" kwa kawaida anatuonyesha misuli au maungio ya nyonga.

Nitajuaje tofauti?

Maumivu ya msuli hubadilika ukisogea. Ukiinama yanakata, ukijigeuza kitandani yanakata, ukipata mkao mzuri yanapungua, na ukibonyeza unapagusa mahali penyewe.

Figo haijali umekaaje. Ikiwa ni jiwe, maumivu huja kwa vipindi, makali mno, yakishuka kutoka ubavuni hadi kwenye kinena. Mgonjwa hatulii, anatembea huku na huku, anatapika, na mkojo unaweza kuwa na damu. Ikiwa ni maambukizi, ubavu unauma mfululizo, kuna homa, baridi ya kutetemeka na kichefuchefu. Mkojo unaweza kuchoma, au usichome kabisa. Wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu tu "mkojo hauchomi".

Nina homa pia, lakini nikimeza dawa ya maumivu inashuka. Naweza kusubiri siku mbili tatu nione?

Hapana. Maumivu ya mgongo upande mmoja pamoja na homa ni safari ya kituo cha afya siku hiyohiyo.

Hili ndilo tunalokutana nalo kila mara. Mtu anameza diklofenaki asubuhi, homa inashuka, anakwenda kazini. Jioni inapanda, anameza tena. Anapofika kwetu amekwisha kulegea, hawezi kushika chakula tumboni, na presha imeanza kushuka. Dawa ya maumivu haiui bakteria hata mmoja. Inazima dalili iliyokuwa inakuita hospitali, huku bakteria waliopanda kutoka kwenye kibofu wakiendelea kuzaliana ndani ya figo, na wakipata nafasi wanaingia kwenye damu. Hapo ndipo watu hufa.

Na kuna ubaya wa pili. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao hupunguza damu inayofika kwenye figo. Mtu anayetapika na kukaukiwa maji, mwenye figo iliyoambukizwa, anaiongezea figo hiyohiyo mzigo kila anapomeza kidonge.

Ukiwahi, wengi hutibiwa kwa vidonge vya antibiotiki na kurudi nyumbani siku hiyo. Ukichelewa, ni kitanda, dripu na sindano.

Je, nikichomwa sindano moja tu ya maumivu?

Jibu ni lilelile. Sindano ya maumivu haitibu maambukizi. Ukiwa na homa na ubavu unauma, omba upimwe mkojo kwanza. Kipimo ni rahisi, na kikombe kimoja cha mkojo hutuambia mengi kuliko mtu kukisia.

Nina antibiotiki zilizobaki kutoka ugonjwa wa mwisho. Nizianze?

Usizianze. Hazitoshi dozi, huenda si za bakteria huyo, na zinaharibu kipimo cha kuotesha mkojo ambacho kingetuonyesha dawa inayofaa. Na tafadhali, ukipewa dozi mpya imalize. Kuacha siku ya tatu kwa sababu umepata nafuu ndiko kunakowarudisha wagonjwa wetu wakiwa na hali mbaya kuliko ya kwanza.

Mimi ni mjamzito. Si kawaida mgongo kuuma?

Ni kawaida, na ndiyo maana wajawazito huambiwa "vumilia" hata na watu wanaowapenda. Lakini homa si sehemu ya ujauzito. Maambukizi ya figo yanaweza kuleta uchungu kabla ya wakati. Mgongo upande mmoja na homa, au na kutetemeka, au mkojo unachoma: nenda leo. Diklofenaki na ibuprofeni usijinunulie kabisa. Zinaweza kumdhuru mtoto, hasa kuanzia wiki ya 20.

Nikiwa na jiwe, maji mengi si yatalisukuma?

Mawe madogo, yasiyofika milimita 5, mengi hutoka yenyewe, na kunywa maji ya kutosha kila siku huzuia mengine yasijengeke. Lakini kujaza lita za maji wakati maumivu yamepamba moto hakusaidii. Dawa za kienyeji za "kuyeyusha mawe" nazo zinakupotezea muda: mawe mengi ni ya kalsiamu na hayayeyuki kwa kinywaji. Jiwe pamoja na homa ni dharura hata usiku wa manane, kwa sababu mkojo ulioziba ukiwa na bakteria lazima utolewe haraka.

Ngozi ya upande huo inachoma kama moto, ila sioni kitu.

Iangalie kila siku. Mkanda wa jeshi huanza hivyo, kisha malengelenge yanajipanga upande mmoja. Dawa ya virusi hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Usipake majivu wala dawa ya meno.

Basi kama ni msuli tu, nifanye nini?

Tembea. Kulala kitandani wiki nzima kunakaza mgongo zaidi. Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, epuka mizigo kwa siku kadhaa, rudi kwenye shughuli taratibu. Dawa ya maumivu iwe ya siku chache, baada ya kula, na siyo kama una vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo bila kumuuliza mhudumu. Acheni kukanyagwa mgongo na watoto. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache, na eksirei ya mapema haionyeshi msuli.

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, huenda neva imebanwa. Onana na mhudumu. Ukipata ganzi kati ya mapaja, mkojo ukagoma kutoka au ukatoka bila kujijua, au miguu ikalegea, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Nimesoma yote, lakini nimemeza dawa saa mbili zilizopita na sasa sina homa. Bado niende?

Ndiyo, nenda. Homa iliyoshushwa na kidonge haijaondoka. Ukifika, sema mapema umemeza nini na saa ngapi, kwa sababu kipimajoto kitasoma kawaida na mtu anaweza kukurudisha nyumbani. Sema pia kama uliwahi kutetemeka, hata kama ilikuwa jana.