Mzee akisimama ili akujibu salamu: mwendo, Parkinson na mdundo wa nje

Kipimo changu cha kwanza hakihitaji kifaa. Natembea bega kwa bega na mgonjwa kwenye korido ya fiziotherapia, na tukifika katikati namuuliza habari za nyumbani. Wengine hujibu huku wanaendelea kwenda. Wengine husimama kabisa, wakajibu, ndipo wakaanza tena kuutafuta mguu wa kutanguliza. Hawa wa pili ndio wanaonitia wasiwasi.

Sikukibuni mimi. Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Sweden, walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wazee 58 waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya wazee. Waliosimama pindi walipoongeleshwa walikuwa 12, na ndani ya miezi 6 wazee 10 kati ya hao 12 walikuwa wameshaanguka. Huku kwetu salamu ya njiani haiishii kwenye shikamoo na marahaba. Kuna za nyumbani, za watoto, za shamba, na mvua je? Maana yake mzee wa kijijini anafanyiwa kipimo hiki kila siku, tena kwenye njia yenye mawe na mteremko, na hakuna anayeandika matokeo.

Mtu mwenye afya hafikirii hatua zake. Ukubwa wa hatua na mfuatano wake hupangwa na viini vilivyo ndani kabisa ya ubongo, ambavyo kazi yao inategemea dopamini, kemikali inayopitisha ujumbe kati ya seli za ubongo. Kwenye ugonjwa wa Parkinson seli zinazotengeneza dopamini hufa kidogokidogo, na kutembea, ambako kulikuwa mazoea, kunageuka kuwa jambo la kuwazia. Hatua zinafupika, mkono mmoja unaacha kuyumba, nyayo zinaburuta. Wapo wanaofika mlangoni na kuganda. Wao husema miguu imenata chini. Sasa mpe mtu huyo jambo la pili la kufikiria, hata jina la mjukuu tu, uone.

Lakini mtu huyohuyo aliyeshindwa kuinua mguu kwenye sakafu tupu, ukimchorea mistari ya chaki iliyokatiza mbele yake, huivuka mmoja baada ya mwingine. Daktari James Purdon Martin wa London aliandika kuhusu jambo hili miaka ya 1960, na hadi leo nikiliona bado linanishangaza. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ishara ya nje humpatia ubongo njia nyingine, isiyotegemea sana vile viini vilivyochoka. Mistari husaidia zaidi urefu wa hatua. Mdundo wa sauti husaidia zaidi mpangilio wake.

Utafiti ninaoupenda kuliko wote katika eneo hili ulifanyika wilayani Hai, Kilimanjaro. Kwanza watafiti, wakiwamo Catherine Dotchin na Richard Walker, walitafuta wagonjwa nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Mwaka 2008 waliripoti kuwa walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa kuwa wana Parkinson. Walikuwa wanaishi na kutetemeka na kuanguka kama vile ni uzee tu. Kisha Lynn Rochester wa Newcastle, Uingereza, akishirikiana na kundi hilo, aliwafundisha wagonjwa ambao hawajawahi kutumia dawa za Parkinson kutembea kwa kufuata mdundo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: mwendo uliboreka, hata pale mgonjwa alipopewa kazi nyingine ya kufanya huku anatembea. Ulaya ni shida kupata kundi kama hilo, kwa kuwa karibu kila mgonjwa anameza levodopa, dawa kuu ya Parkinson. Hai ilijibu swali la kama mdundo husaidia pasipo dawa, na iliweza kwa sababu dawa zilichelewa kuwafikia wagonjwa, jambo ambalo si la kujivunia.

Tusitie chumvi lakini. Jaribio kubwa la Uingereza, Ubelgiji na Uholanzi lililochapishwa mwaka 2007, lenye wagonjwa 153 waliofundishwa nyumbani kwao kwa wiki 3, lilionyesha faida ndogo, na wiki 6 baada ya mafunzo kusitishwa sehemu kubwa ya faida hiyo ilikuwa imeyeyuka. Ndiyo maana siwaambii ndugu kwamba mazoezi yana mwisho. Wala mdundo hauchukui nafasi ya vidonge.

Nyumbani naanza hivi. Nahesabu hatua za mgonjwa kwa dakika moja akitembea anavyopenda mwenyewe, kisha naiweka programu ya mdundo kwenye simu kwa kasi ileile. Ukiiongeza haraka, anayeganda ataganda zaidi. Mlangoni nabandika sakafuni vipande vya utepe wa karatasi wenye gundi, nikiacha kati yake urefu wa hatua ninayoitaka. Mjukuu naye namkanya asimvute babu mkono akiganda. Asimame naye, babu ahamishe uzito kulia na kushoto, wahesabu pamoja moja, mbili, aanze kwa hatua kubwa. Na salamu? Asimame kwanza, asalimiane mpaka waridhike, ndipo aondoke.

Haya yote ni ya Parkinson. Anayetembea miguu imepanuka na kuyumba kwa sababu ya tatizo la ubongo wa nyuma ana mazoezi yake mengine, na mwenye ganzi ya kisukari anayepepesuka gizani huenda akahitaji taa ya korido kuliko mdundo. Kwa hiyo mtu apimwe kabla jirani hajamwekea simu mfukoni. Na simu hiyo itumie spika yake, si vya kuziba masikio. Barabarani lazima aisikie bodaboda.