Kodi ya nyumba si hela iliyotupwa

Ukipanga Mbeya, hukosi wa kukuambia: "Unamjengea mwenzio, kodi ni hela ya kutupa." Si kweli. Kodi inakupa pa kuishi na inakuachia mtaji wako mkononi.

Tuchukue mfano. Nyumba nzima Uyole unapanga kwa 200,000 kwa mwezi, yaani 2,400,000 kwa mwaka. Kununua kiwanja na kujenga kama hiyo, tuseme milioni 40. Hela hiyo ikizunguka kwenye biashara ya mchele au hati fungani (kuikopesha serikali kwa riba), faida ya asilimia 8 tu ni 3,200,000 kwa mwaka. Kodi imelipika, na chenji imebaki.

Nyumba nayo inakula. Mvua za huku, Novemba mpaka Aprili, hazina huruma na ukuta wa tofali za kuchoma usiopigwa plasta: unalika chini, na bati linavuja penye misumari. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni ndogo. Fundi ndiye anayeumiza.

Kujenga kuna faida zake, sikatai. Hakuna wa kukudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kiwanja kinaweza kupanda bei, na hati inakusaidia kukopa.

Kinachoniuma ni mtumishi anayechukua mkopo wa mshahara kwa kuogopa maneno ya watu. Boma linaishia kwenye linta, nyasi zinaota sebuleni, na kila mwezi analipa marejesho huku bado amepanga. Huyo angeanza na kiwanja kilichopimwa, akajenga kwa akiba.